Neno Nililoliandika Kwenye Daftari la Kutoka

Rehema,

Sikuulizi hali yako, maana nakusikia unavyolala chumba cha pili, usingizi wa mtu aliyeshinda ugomvi. Jana ulinishinda. Uliniambia mbele ya baba yako kwamba nimekuaibisha, kwamba wewe si mtoto tena bali ni daktari mwenye leseni, na kwamba kama mimi niliichukia kazi yangu nisikuambukize. Halafu ukaingia chumbani ukafunga mlango taratibu. Huko kufunga taratibu ndiko kulikoniudhi. Ungeubamiza ningejua umekasirika. Wewe ulikuwa unanihurumia.

Huruma yako kaa nayo. Ninachotaka ni usome barua hii mpaka mwisho, hata ukifika mahali pa kutaka kuichana. Kuhusu chandarua, maji ya kuchemsha na viatu vya mvua sisemi kitu. Umefungasha mwenyewe na umefungasha vizuri. Baba yako amenisihi nikuache uondoke Kilole kwa amani, nami nimemwambia amani hiyo nimeshaitoa sana kwa watu na sasa imeniishia.

Tuanze na ile simu, kwa kuwa bado unaamini tuligombana kwa sababu ya simu.

Nilikuwa nasonga ugali. Mikono yako ilikuwa na shombo ya dagaa, ukaweka sauti kubwa ili uongee bila kuishika. Alikuwa yule bwana wa kamati ya kituo cha afya unachokwenda huko Handeni, mliyeonana naye siku ulipokwenda kuripoti.

"Msambaa wangu, unakuja lini?"

"Keshokutwa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo, tunakusubiri. Ila ujue kabisa, huku kwetu daktari akiitwa nyumbani kwa mtu asipokuja, tunamfunga kamba zizini mpaka asubuhi."

"Na chakula mtanipa?"

"Tutakupa majani kama wenzako."

Mkacheka wote wawili. Wewe ulicheka mpaka ukainama. Mimi nikaacha mwiko kwenye sufuria, nikaichukua simu, nikamuuliza yule bwana jina lake kamili, la kwake na la baba yake. Akakata simu. Ukanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa akili, ukasema, "Mama, ni utani tu."

Najua ni utani. Nimeishi miaka kumi na moja katikati ya utani huo wa Wazigua na sisi Wasambaa, naujua kuliko wewe. Kilichonifanya niiache sufuria iungue si maneno ya yule bwana. Ni kicheko chako. Ni changu kile. Nilikisikia kikitoka kinywani mwako vilevile kilivyotoka kwangu, hata ile namna ya kumjibu mtu papo hapo ili asikushinde. Mwanamke mmoja hawezi kushika sindano kwa sababu ya kicheko kile.

Umenionyesha kile kikaratasi mlichopewa kwenye semina, cha usalama wa daktari anayewaendea wagonjwa majumbani baada ya saa za kazi. Nimekisoma mara mbili. Usiende peke yako, nenda na mhudumu wa afya ya jamii. Mwache mtu kituoni anayejua unakwenda kwa nani na unarudi saa ngapi. Simu iwe na chaji. Pikipiki iegeshwe ikitazama njia. Kaa karibu na mlango, ujue nani yumo ndani. Yote ni ya kweli na yote uyafuate, na mimi naongeza kwamba viatu usivue, hata mkeka ukiwa mpya, hata bibi wa nyumba akikutazama vibaya. Wewe waambie ni sheria ya serikali. Lakini mwandishi wa kikaratasi kile hakuwahi kukaa kwetu. Ameandika, "Toa taarifa ya vitisho vyote." Vizuri. Wewe jana ulitishiwa kufungwa kamba. Ulitoa taarifa kwa nani?

Sasa nikueleze kuhusu Misima, hukohuko Handeni.

Unaijua nusu ya habari hii. Unajua nilikuwa mfawidhi wa zahanati kule kabla sijastaafu, tabibu kwa cheti, daktari kwa midomo ya watu. Unajua Zubeda, unayemwita mama mdogo, alikuwa nesi wangu, tukiwa wawili tu kwa kijiji kizima, na kwamba alikatwa panga na mtoto wa mgonjwa. Umekua ukiuona mkono ule wa kulia, vile vidole vitatu visivyokunja. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukivikunja wewe kimoja kimoja ukisema unavitibu. Hiyo ndiyo nusu unayoijua.

Mgonjwa alikuwa bibi mmoja wa Kizigua, mtu mzima sana, mwenye kisukari. Mguu wake wa kushoto ulianza na kidonda cha kidole, kikapanda. Kuletwa zahanati hawezi, kwa hiyo tukawa tunamwendea. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, tukifunga zahanati, mmoja wetu anachukua bandeji na dawa anapanda mpaka kwake. Tulikuwa na daftari la kutoka. Unaandika jina lako, unakokwenda, saa, na ukirudi unaandika ulivyokukuta. Anayefuata analisoma kabla ya kwenda. Utaratibu huo niliuweka mimi, na nilijivuna nao. Wakaguzi walikuwa wakija nawaonyesha.

Nyumba ile ilikuwa ya mtoto wake, Salimu. Mkulima wa machungwa na mahindi, mcheshi, mtu wa watu. Mimi kwake nilikuwa mtani kuanzia siku ya kwanza. Akinisikia nabisha hodi anajibu, "Ficheni kuku, Msambaa kafika." Ninamjibu kwamba kuku wake wamekonda kama yeye. Siku ya msiba wa jirani alinipaka majivu usoni mbele ya umati, nami nikamficha kiatu mpaka jioni. Ndivyo tulivyoishi. Huwezi kufanya kazi Handeni ukiwa umenuna, na wewe unalijua hilo, ndiyo maana watu watakupenda.

Mguu ukaanza kunuka. Nikawaambia kwamba kidonda kimefika kwenye mfupa, bibi apelekwe hospitali, na wajiandae, maana huenda mguu ukakatwa. Binti zake walilia kisha wakakubali. Salimu hakulia. Ile Alhamisi nilipomaliza kufunga bandeji alinisindikiza mpaka nje, ameshika mfuko wa machungwa wa kunipa. Watu wengine walikuwa pale uani wanapukuchua mahindi. Akasema kwa sauti, ili wote wasikie:

"Mtani, sikiliza. Ukirudi tena kwangu na habari ya kukata mguu wa mama yangu, mimi nakukata mkono."

Alikuwa anacheka. Wapukuchuaji wakacheka. Wote wakanitazama wasikie nitamjibu nini, kwa sababu mtani asiyejibu ameshindwa. Nami nikasema:

"Kata wa kushoto basi. Wa kulia naandikia."

Pale uani watu walicheka kwelikweli. Nikapokea machungwa yangu, nikateremka nayo. Njiani nilikuwa bado natabasamu kwa jibu langu. Nakuambia hivi ili ujue mama yako ni mtu wa namna gani.

Nilipofika zahanati nikafungua daftari. Hapa ndipo pa kusoma polepole. Nilishika kalamu, na moyo wangu ulijua. Nisikudanganye kwamba sikuona kitu. Aliposema "mama yangu" midomo ilicheka na macho hayakucheka. Niliona. Nikakaa na kalamu mkononi nikifikiri kwamba nikiandika "ametishia kunikata mkono", Zubeda atasoma, mtendaji wa kijiji atasoma, na Salimu ataitwa ofisini kwa maneno ya utani. Kijiji kizima kitasema yule Msambaa hajui kutaniwa. Hakuna atakayenitania tena. Niliogopa hilo, Rehema. Niliogopa kununiwa kuliko nilivyoogopa panga. Nikaandika: "Salama. Ndugu wakarimu."

Wakarimu, kwa sababu ya machungwa.

Jumamosi ilikuwa zamu yangu. Kilole kulikuwa na shughuli ya harusi kwa shangazi zako, nikataka kuwahi gari la mchana. Nikamwomba Zubeda anipokee. Nikaandika barua ya rufaa ya bibi kwenda hospitali, nikampa, nikamwambia, "Ukimaliza kumfunga, mpe Salimu hii." Kwa mkono wangu mwenyewe nilimkabidhi ile habari ya kukata mguu aipeleke kwa mtu aliyesema atamkata mkono atakayeileta. Nikapanda gari nikaenda kucheza ngoma.

Alifika saa kumi na moja jioni, jua lipo, watu wapo mashambani. Alivua ndala mlangoni. Alimfunga bibi bandeji, akanawa, akasimama, akamnyooshea Salimu ile bahasha kama alivyofunzwa na mama yake, kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko kwa heshima. Salimu akauliza imetoka kwa nani. Akasema kwa daktari. Salimu kwa Zubeda hakuwahi kutania hata siku moja, ni Mzigua mwenzake, hawana utani. Akanyoosha mkono nyuma ya mlango.

Zubeda alikimbia pekupeku kwenye miiba mpaka nyumba ya pili. Majirani wakamfunga khanga mkono mzima wakampakia kwenye pikipiki. Mimi nilipata habari nikiwa nimeshika sahani ya pilau.

Bibi alikufa na mguu wake kabla mahindi mapya hayajakomaa. Salimu alifungwa, akatoka. Wilayani walituletea waraka mrefu na tochi moja. Wazee wa kijiji walikuja na mbuzi kutaka yaishe, wakasema shetani alimpitia. Niliwafukuza wao na mbuzi wao, na watu wakanisifu kwamba namtetea mwenzangu. Hadi leo nikimwona mtu anafanana na Salimu kwa mgongo pale sokoni Korogwe, nabadili njia. Sijamsamehe na sina mpango huo. Alikuwa mtoto aliyeogopa kumpoteza mama yake, nalijua hilo, na halinipunguzii kitu.

Lakini hasira yangu kwake imenisaidia sana, kwa kuwa ilinificha. Askari aliponihoji aliuliza kama kulikuwa na vitisho kabla. Daftari lilikuwa mezani kwake, limefunguliwa ukurasa ule. Nikasema, "Hapana, afande. Walikuwa watu wakarimu." Sikuulizwa tena. Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza tena. Waliokuwa pale uani hawakusema, labda kwa kumlinda mwenzao, labda kwa kuwa na wao walicheka.

Sasa unajua kwa nini nilimuuliza yule bwana jina la baba yake.

Huenda ni mtu mwema. Huenda hilo zizi ni mzaha mtupu na utamzalisha mkewe salama na atakuletea maziwa kila wiki. Salimu pia alikuwa mtu mwema mpaka Jumamosi ile. Sikwambii uache kutaniana nao. Ukiacha hawatakwambia wanaumwa wapi. Sikwambii uwaogope, na ukiwadharau nitakuja huko nikutoe mwenyewe. Ninachokutaka ni kigumu zaidi, na ndicho kilichonishinda. Ucheke nao uani, kisha uende kituoni ukaandike maneno yao kama yalivyo, pamoja na kwamba walicheka. Wakikuita mnoko, wakuite. Wakikununia, wanune. Anayekufuata kwa mgonjwa yule anasoma ulichoandika wewe, hana kingine.

Ulivyonifungia mlango jana sikulala. Leo asubuhi ulipokwenda kuaga rafiki zako, nilipanda gari nikaenda Makuyuni kwa Zubeda. Nilikuwa nimechoka kuibeba siri hii. Ndivyo nilivyojidanganya njiani, kwamba naenda kuutua mzigo, na kwamba yeye ni mtu wa dini, atasema yamepita.

Nilimkuta amekaa nje anachagua mchele kwa mkono wa kushoto. Alifurahi kuniona. Aliuliza kama umepata begi kubwa, akasema kesho atakuja stendi asubuhi kukusindikiza, na mayai ya kienyeji ameshakuwekea. Nikamweleza yote. Alhamisi, uani, machungwa, jibu langu.

Akauliza, "Alikwambia mkono?"

"Mkono."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nilicheka."

Aliendelea kuchagua mchele. Kisha akasema, "Mimi lile daftari nililisoma. Nilisimama pale mlangoni na mkoba begani, nikalisoma kwanza. Nilikuwa na wasiwasi na Salimu, alikuwa ameacha kuniitikia salamu vizuri. Nikaona mwandiko wako. Nikasema basi, kama ni salama ni salama."

Akapeta ungo mara mbili, akauliza:

"Rehema anajua?"

"Hajui."

"Mwambie kabla hajapanda gari. Mtoto asiende kule na hadithi nusu." Akainuka na ungo wake. "Ukishamwambia, daktari, mimi na wewe tumemaliza."

Aliniita daktari. Miaka yote ile, hata akiwa kitandani hospitali mkono umefungwa mpaka begani, aliniita dada. Akaenda kuanua nguo kwenye kamba, anaachia vibanio kwa mkono mmoja na kuvishika kwa meno. Nikasimama nimsaidie. Akanitazama mpaka nikaacha. Alipomaliza aliingia ndani, na mimi nikakaa pale nje kama nusu saa, halafu nikarudi Kilole.

Kwa hiyo usidhani barua hii nimeandika kwa wema wangu. Nimeagizwa. Bila ule ugomvi wa jana na bila Zubeda, ningekufungia maandazi na kukubusu, na ungeondoka ukinijua nusu. Una haki ya kunikasirikia. Nikasirikie, lakini ukiwa na kalamu mkononi.

Kwenye begi lako dogo, chini ya kipimo cha presha, nimeweka daftari jipya. Ukurasa wa kwanza nimeshaandika mstari mmoja, kwa mkono wangu, ule niliotakiwa kuuandika Misima: "Alhamisi. Kwa bibi, kufunga kidonda. Mtoto wake Salimu amesema atanikata mkono nikirudi na habari ya kukata mguu. Alikuwa anacheka. Nami nilicheka. Asiende mtu peke yake, na barua ya rufaa wapewe ofisini kwa mtendaji." Mstari wa pili nimeuacha wazi kwa ajili yako. Andika jina la yule bwana, maneno yake ya jana, na kwamba ulicheka. Uandike ndani ya gari, kabla hujafika Handeni, ili mkono uzoee. Na kila utakapotoka kwenda nyumbani kwa mgonjwa, nitumie ujumbe, na ukirudi nitumie mwingine. Ujumbe wa pili ukichelewa, nampigia mtendaji wako, na sitajali nimekuaibisha mara ngapi.

Kesho stendi utakuwa unageuka geuka ukimtafuta mama mdogo wako na mayai yake. Hatakuja. Usimpigie simu kuniombea msamaha, sitaki na yeye hataki. Usiniulize mbele ya watu yuko wapi. Nitakwambia tu panda gari, mwanangu, kaa upande wa dirisha, na utajua kwa nini.

Mama yako.